Siku Waliyokunywa Mbegu Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifikia umri wa kusahau majina ya wajukuu zangu, hiyo bado nitaikumbuka. Nilikuwa nimesimama kwenye matanga ya jirani huko Abuku, upande wa Koboko, nikiwatazama watu wakinywa mbegu yangu. Sisemi kwa mafumbo. Mtama niliouhifadhi kwa ajili ya kupanda ulikuwa umegeuka pombe, na pombe ilikuwa inashuka makooni mwa watu ambao siku ile walipaswa kuwa shambani kwangu na majembe. Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, maana ninyi vijana mnapenda kusikia mwisho kabla ya mwanzo.

Mume wangu alikuwa askari. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, watu wa West Nile tulifungasha tulichoweza kubeba tukakimbia, wengine Zaire, wengine Sudan. Mume wangu hakuvuka nasi, na hakutufuata. Nilimsubiri mpaka nikachoka kusubiri, nikakaa eda ya mtu ambaye sikumwona akizikwa. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na adhabu ya kusubiri anaijua mke wa askari. Basi.

Tuliporudi nilikaa hapa Arua, hapa hapa mtaa wa Oli, kwa kaka yangu, chumba kimoja na watoto wangu na wake. Nilikaanga mandazi, nikauza, watoto wakala. Kaka yangu hakuwahi kuninyooshea kidole, lakini mtu mzima akiwa mzigo hujijua. Kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini mama mkwe wangu akanitumia ujumbe kutoka Abuku. Tulimwita Habuba, ndivyo Waislamu wengi wa kwetu wanavyomwita bibi. Ujumbe ulikuwa mfupi kama yeye mwenyewe: shamba la mume wako limekuwa kichaka, njoo ulime au sema hutaki.

Nikaenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilifika na jembe langu begani siku ya kwanza, wala hakuna aliyelitaka.

Shamba lilikuwa zuri, mwanangu, udongo mweusi, limeinama kidogo kuelekea kijito. Ila miaka yote ile tukiwa ukimbizini nyasi zilikuwa zimemzidi mtu urefu, na chini ya nyasi kulikuwa na mizizi ya vichaka iliyoshikana kama mikeka. Shemeji yangu Yakubu, mdogo wake marehemu, alikuja kunionyesha mpaka. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za Oli, akaniuliza watoto. Kisha akasema lililomleta.

"Shemeji, mimi hapana fukuza wewe. Lakini shamba hapana ngoja mutu. Kama mvua ya simsim imekuja na majani bado iko simama, mimi nalima."

Alikuwa na haki kwa mila ya pale. Simsim, ambayo pwani wanaiita ufuta, kwetu hupandwa kwenye mvua ya pili, na ardhi ya ukoo hufuata jembe. Ukilima, hakuna wa kukugusa. Usipolima, unaitwa mjane wa mjini, na mjane wa mjini hurudi mjini. Nilihesabu mvua kichwani nikaona sina muda. Nilipiga jembe peke yangu tangu alfajiri mpaka adhuhuri, nikapata kipande ambacho mbuzi angekiruka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa, huko kwetu kulikuwa na kikundi cha kulimiana, na nadhani bado wapo. Leo wote wako kwako, kesho wote wako kwangu, na shamba la wiki linaisha kwa asubuhi moja. Sheria yao ilikuwa moja tu: mwenye shamba la siku hiyo apike kwete, ile pombe yetu ya nafaka, aiweke kivulini pembeni ya shamba. Jembe lilikuja kwa sababu ya chungu. Na mimi, mwanangu, ni Mwislamu, binti wa Mwislamu, mjane wa Mwislamu. Hata chungu cha kupikia pombe sikujua kinawekwa mdomo juu au chini.

Mkubwa wa kikundi alikuwa Wani, mtu mpana, mcheshi, mwenye filimbi shingoni. Nilimwendea kwake, nikapiga magoti kama adabu inavyotaka, nikamwambia nataka kuingia.

"Mama, sisi hapana kataa wewe," akasema, na kweli hakuwa na ubaya usoni. "Sisi iko nauliza tu, pombe iko wapi?"

"Mimi hapana pika pombe, Mzee. Mimi Mwislamu."

"Sasa watu nakunywa nini? Maji ya kisima?"

Watu waliokuwepo wakacheka. Mmoja akasema mkono wa mke wa askari uko laini, umezoea kushika sabuni. Nami nikacheka nao, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na anayeomba hachagui wa kumcheka. Lakini moyoni nilikuwa nachemka. Mimi sikuumbwa na moyo wa pamba. Waulize wote niliowazaa.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu la kijanja. Jirani yangu aliitwa Poni, Mkristo, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye alinigawia moto na chumvi tangu siku niliyofika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nikamwambia: Poni, mimi nitatoa mtama, wewe utapika kwako, chungu chako, kuni zako, mikono yako. Pombe haitaingia nyumbani kwangu, itatoka kwako iende shambani moja kwa moja. Nikajiona mwanasheria. Mtama wenyewe nilikuwa nao mfuko mmoja tu, ule niliotoka nao Arua kwa ajili ya mbegu. Poni akautazama, akanitazama.

"Mama Jamila, hii ni mbegu."

"Shamba likishalimwa nitatafuta mbegu nyingine."

Hakubishana nami. Alichukua mfuko akautia ndani, na mimi nikaenda kulima na kikundi kwenye mashamba ya wengine ili nipate zamu yangu. Nililima nikiwa na hasira na yule aliyesema mikono laini, na nadhani alijuta, maana siku zile hakuna aliyenitangulia kwenye mstari. Wanawake wenzangu wa msikitini walikuwa wameshasikia habari za chungu kwa Poni. Wakawa wananisalimia kwa ncha za vidole. Nikasema nivumilie, baada ya shamba kulimwa watasahau.

Siku yangu ikapangwa. Kwete ikaiva usiku wa kuamkia siku hiyo, Poni akaionja akasema iko sawa. Na alfajiri, kabla Wani hajapuliza filimbi, tukasikia kilio kutoka ng'ambo ya kijito. Mzee mmoja, jirani yetu, alikuwa amefariki.

Unajua mila, mwanangu. Kukiwa na maiti kijijini, jembe haliguswi. Si siku ile tu. Mpaka azikwe, mpaka wageni wafike, mpaka walie na waondoke. Nami silaumu mila hiyo, ni nzuri. Lakini kwete haijui matanga. Ikiiva imeiva, ukiiacha siku mbili inakuwa siki, hata kuku haigusi. Wani akaja kwangu akiwa amevua kofia, akasema kwa upole kwamba pombe ipelekwe kwa wafiwa, si vizuri iharibike. Ningesema nini? Tulikuwa kwenye msiba. Poni na wenzake wakaibeba vichwani wakaipeleka.

Ndiyo siku ile ninayoikumbuka. Nilisimama pembeni ya matanga nikitazama kibuyu kikizunguka, na watu wakiniambia ahsante mama, pombe nzuri mama, Mungu akuzidishie. Nilipomuuliza Wani lini basi watakuja kulima, alikuna kichwa.

"Siku gani wewe nataka, mama. Pika ingine tu."

Pika ingine! Mtama wangu wote ulikuwa matumboni mwao. Mawingu ya simsim yalikuwa yanakusanyika upande wa Zaire. Nilikwenda nyumbani kwa Habuba nikaketi chini nikalia, na nililia kwa sauti, sikuona haya.

Habuba alikuwa anabangua karanga. Hakuacha kubangua. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, aliyezika mume na wana, na alichukia machozi yasiyo na kazi.

"Wewe nalia nini? Nalia pombe?"

"Nalia mbegu, Habuba."

"Mbegu nani ilichukua? Mwizi?"

Akaendelea kubangua, ganda huku, karanga kule. Halafu akasema maneno ambayo nimeyatembea nayo mpaka leo.

"Wewe ilifika kwa mulango, ikakuta imefungwa. Ukatoa mbegu ya watoto kununua ufunguo. Ufunguo yenyewe hapana ya kwako. Sasa sikia. Wewe nafikiri mulango ilifungwa kwa wewe tu, kwa sababu ya dini? Zunguka nyumba. Angalia nani mwingine iko nje."

Ukupigao ndio ukufunzao. Lakini wakati ule nilikuwa nimefura, nikamjibu kwamba nje niko peke yangu. Ndipo alipoacha karanga zake.

"Poni nani ililima shamba yake mwaka jana? Sema."

Sikujua. Akaniambia. Poni, mwanachama wa kikundi, mpika kwete hodari, alilimiwa mwisho kabisa, mvua ikiwa imeshapita, kwa sababu ghala lake lilikuwa tupu na hakuwa na nafaka ya kupikia. Alipopika, alipika nyepesi, na watu wakalima nyepesi. Yule mzee Dario wa kule juu, aliyeokoka akaacha pombe, shamba lake lilikuwa halijalimwa na mtu tangu siku aliyobatizwa upya. Na Keji, mwanamke wa Sudan aliyekimbia vita na kupewa kipande cha ardhi karibu na kijito, huyo hata chungu hakuwa nacho, achilia mbali mtama wa kujaza chungu. Mwenye nafaka nyingi alilimiwa mapema, akavuna mapema, akapata nafaka ya kupika tena. Asiye nayo alizunguka nyuma ya wengine na jembe lake, mwaka hadi mwaka, akilima mashamba ya watu.

Nilidhani sheria ya chungu ilinifungia nje mimi Mwislamu. Kumbe iliwafungia nje maskini wote, Mkristo, Mwislamu, mwenyeji na mkimbizi, na wala hakuna aliyeitunga kwa nia hiyo. Wani na wenzake walipenda tu kunywa baada ya kazi. Ubaya mwingi duniani, mwanangu, hauna mtu mbaya nyuma yake. Una mazoea.

Kesho yake nilizunguka. Nilianza kwa Poni, nikamwambia nilichoambiwa. Alicheka ile sauti yake nene, akasema, "Mimi iko nangoja mutu aseme hii kitu." Lakini akasema pia mume wake hatamruhusu kuacha kikundi cha Wani, na hapo alikuwa anasema kweli. Nikaenda kwa Dario. Nikaenda kwa Keji, nikamkuta anang'oa magugu kwa mkono kwa kukosa jembe. Nikapata na wengine wawili watatu waliojificha kwenye umaskini wao kama watu wanaojificha mvua. Tukakubaliana jambo moja dogo. Chakula cha shambani kitakuwa uji wa mtama wenye ukwaju, ule mchachu unaorudisha nguvu. Na mwenye shamba hatabeba unga peke yake. Kila anayekuja kulima aje na konzi moja ya unga wake kwenye kitambaa, utiwe kwenye chungu kimoja. Asiye na unga alete kuni. Asiye na kuni achote maji. Mwenye shamba alete shamba tu.

Haba na haba hujaza kibaba. Najua mmechoka kuisikia hiyo, mmefundishwa shuleni mpaka imepoteza chumvi. Lakini mimi nimeiona chunguni kwa macho yangu, konzi ya huyu imekaa juu ya konzi ya yule, na hukujua tena ya Mwislamu ni ipi.

Matanga yalipoisha tukalima la Keji kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa chini kuliko wote. Watu walisema nimepatwa na wazimu, mvua inakuja nami nalima la mgeni. Hata mimi niliogopa. Lakini ukianza jambo la wanyonge kwa kujipa wewe zamu ya kwanza, hilo si jambo lao tena. Likafuata la Dario. Kisha mvua ya simsim ikapiga mara moja, nzito, na udongo ukalainika. Tukapanga langu.

Asubuhi ile tulipofika shambani tulisikia filimbi. Yakubu alikuwa ameshafika, upande wa chini karibu na kijito, na kikundi kizima cha Wani. Mke wa Yakubu alikuwa amepika kwete, chungu kikubwa kimefunikwa majani ya migomba. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mwislamu wa sikukuu. Siku nyingine chungu kilimjua kwa jina. Hakunificha kitu. Alinipungia mkono.

"Shemeji, mimi ilisema. Mvua imekuja. Jembe yako itafika wapi, hapo mwisho yako. Ya mimi itafika wapi, hapo mwisho yangu."

Hivyo ndivyo mila ilivyo, na hakukuwa na mzee wa kumwambia amekosea. Shamba moja, vikundi viwili, kimoja juu na kimoja chini, na mpaka ungekuwa pale tutakapokutana. Nikatazama watu wangu: mzee aliyeokoka, mkimbizi mwenye jembe la kuazima, wajane, na Habuba ambaye alikuwa amekuja kuchochea moto wa uji. Nikatazama watu wake: wanaume wenye migongo mipana, wakiimba. Shamba la watoto wangu lilikuwa linaliwa kutoka upande wa pili mbele ya macho yangu.

"Lima," Habuba akasema. "Kuangalia hapana kulima."

Tukalima. Upande wa chini walikwenda kwa kasi ya kutisha, wimbo juu ya wimbo, nyasi zikianguka. Kufikia jua la mapema walikuwa wamekula sehemu kubwa kuliko sisi. Yakubu akafurahi sana, na furaha yake ndiyo iliyomponza. Ili kuwatia watu moto zaidi, akafunua chungu kabla ya wakati wake. Kikundi kilizoea kulima kwanza, kunywa baadaye. Mara hii chungu kilifunguliwa kazi ikiwa nusu. Wakakaa kidogo. Kidogo ikaita kidogo nyingine. Wimbo ukaendelea, ila sasa uliimbwa na watu waliokaa.

Sisi hatukukaa. Uji ulizunguka kwenye kibuyu, mtu anakunywa amesimama, anafuta mdomo, anarudi kwenye mstari. Ule uji hauleweshi wala haulazi. Keji alianza wimbo wa kwao, sikujua maneno yake, lakini jembe lilijua.

Ndipo nilipomwona Poni. Siku hiyo alikuwa upande wa chini, mume wake alikuwa amemwambia aende. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekaa juani kando ya wanaume, wakingoja kibuyu ambacho kila mara kiliishia kwa wenye ndevu. Poni aliinuka, akachukua jembe lake, akakata katikati ya nyasi zilizobaki akaja upande wetu. Mume wake alimwita. Poni hakugeuka, ila ile sauti yake ilisikika shamba zima.

"Mimi iko na njaa! Pombe nalewesha, hapana shibisha!"

Akanywa uji, akaingia kwenye mstari kando yangu. Nyuma yake wakaja wanawake wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaoenda kisimani tu. Kisha, jua likiwa limepinda, akaja Wani mwenyewe, ametoa filimbi shingoni, akanyoosha mkono kuelekea chungu cha uji. Habuba akampiga mkono kwa mwiko.

"Uji iko ya mutu ya jembe."

Wani akacheka mpaka akashika mbavu. Akarudi, akachukua jembe lake, akaja. Na mkubwa akija na jembe, wengine hawabaki nyuma.

Tulimaliza shamba mpaka kwenye kijito, mpaka kwenye ile sehemu Yakubu aliyoianza. Shemeji yangu alibaki kivulini na chungu chake na rafiki zake wawili waliokuwa wamelala. Niliogopa maneno atakayosema, kwa sababu mwanamume aliyeaibishwa mbele ya watu ni hatari hata akiwa mwema. Lakini Habuba alichota uji kwenye kibuyu, akautembeza mwenyewe katikati ya udongo uliolimwa, akampa mwanawe kwa mikono miwili.

"Kunywa. Shamba ya ndugu yako imelimwa. Hapana shamba yako, hapana shamba ya huyu. Ya watoto ya ndugu yako."

Yakubu alishika kibuyu. Akanywa, akakunja uso kwa ule uchachu, akanitazama.

"Shemeji, uji hii hapana sukari."

"Lete sukari kesho," nikamwambia, "tunalima kwa Poni."

Akaleta, mwanangu. Sukari kidogo kwenye karatasi, na jembe.

Jioni ile nilimwambia Habuba, shamba limelimwa na sina cha kupanda. Aliingia ndani akatoka na mtungi wa simsim, umezibwa kwa majivu na kinyesi cha ng'ombe, mbegu safi. Nilimuuliza kwa nini hakunipa tangu mwanzo, kabla sijampa Poni mtama.

"Mimi iko naangalia," akasema. "Wewe ilikuja kulima, au ilikuja kukaa tu, kumaliza eda."

Mengine unayajua, maana umekula matunda yake. Kikundi cha uji kilipita kutoka kilima hadi kilima. Hatukuwakataza watu pombe. Mwenye kutaka alikunywa kwake baada ya kazi, kwa nafaka yake. Tulipovuna hatukuuza tena simsim kwa kikombe kwa mchuuzi aliyekuja na kikombe chake. Tuliiweka pamoja, tukaipeleka sokoni Koboko kwa magunia, baadaye mpaka Arua, na ndiyo sababu nikarudi hapa Oli, ili wenzangu wawe na mlango wa kufikia mjini. Keji akawa ndiye mchagua mbegu wetu. Watoto wangu walisoma kwa lile shamba. Silisemi hili kwa unyenyekevu wa uongo: tulifanya kazi nzuri, na ninajivunia.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami nakupa bila kuifunika majani. Ukikuta mlango umefungwa, usikimbilie kuuza mbegu yako ili uingie. Zunguka kwanza, utafute nani mwingine yuko nje, maana mara nyingi walio nje ni wengi kuliko walio ndani, na hawajuani. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye filimbi, nawe utakuwa, kwa sababu damu yangu haikai nyuma, jihadhari na kiingilio. Ninyi mnapenda kuanzisha vikundi kwa mdhamini, kwa sare, kwa kusoma Kiingereza, kwa ada ya kwanza. Kila sharti unaloliweka mlangoni, jiulize ni nani hawezi kulileta. Usiseme hataki. Uliza kama anaweza. Mwombe mtu konzi ya kile alicho nacho, wala usimwombe kibaba cha asicho nacho. Na zamu ya kwanza, nakusihi, mpe aliye chini kuliko wote, hata ukitetemeka kama nilivyotetemeka mimi. Huo si ukarimu peke yake, ni akili, kwa sababu aliyelimiwa kwanza akiwa hana kitu ndiye hatakuacha siku shemeji yako akija na watu wake.

Mungu akupe ardhi isiyo na ugomvi na mikono ya kuilima pamoja nawe. Akupe jirani wa kuvuka shamba mchana, mbele ya watu, aje upande wako. Na siku utakayoketi kula ukashiba, Mungu huyo huyo akusumbue kidogo rohoni, usilale, mpaka utoke uangalie ni nani bado yuko nje. Amina.